Leokadia Ameuliza Habari Zako

Baba Leokadia,

Hamjambo hapo Kasense? Kifua cha mama yako kimepoa, au baridi ya asubuhi bado inamsumbua? Sisi huku Iringa ni wazima, ila moyo wangu haujatulia tangu tulipoongea Jumapili. Leo nimeunguza maharage ya watoto, mpishi mwenzangu akanifukuza jikoni, akasema nenda ukaandike hiyo barua kabla hujatuchomea shule. Basi naandika. Kwenye simu hatuwezi, maana mama anakaa pembeni yako na wewe unabaki kusema "sawa, sawa" bila mimi kujua unamjibu nani.

Umesema shule ikifungwa nimrudishe Leokadia, avune ulezi na asirudi tena, kwa sababu tangu aje hajatamka hata neno moja. Mama naye akachukua simu: "Tulimpeleka shule ya viziwi akafundishwe kusema, nyie mnamfundisha kuchezesha vidole." Nilikasirika nikakata simu. Jibu langu ndilo hili.

Juzi nilikuwa namsuka nje ya bweni. Akageuka ghafla, nusu ya kichwa nywele bado zimetimka, akaniuliza kwa mikono: baba alikufa lini? Nikadhani mimi ndiye sijaelewa, maana hizi alama bado najifunza. Nikamwita mwalimu wake, naye ni kiziwi kama yeye. Wakaongea muda mrefu, kisha mwalimu akanirudia swali polepole, nalo ni lilelile. Babu yake alipofariki alibebwa akatolewa nyumbani, hakuonekana tena. Wewe ulitupandisha basi pale stendi Sumbawanga, hukuonekana tena. Kwake ni jambo moja, maana tangu azaliwe hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwambia, "Baba anakwenda Laela kuuza mahindi, kesho anarudi." Unakumbuka alivyokuwa anang'ang'ania suruali yako kila ukitoka, tukamwita mkorofi? Hakujua kama utarudi. Kila safari alikuwa anakuzika.

Nikamwambia kwa mikono yangu hii mizito: baba yupo nyumbani, analima. Hapo maswali yakafunguka. Yule ng'ombe mwekundu yupo? Bibi anapikiwa na nani? Kwa nini baba haji? Aliniuliza mpaka nikachoka, na kichwa sijamaliza kukisuka hadi leo. Siku hizi hata akiumwa anasema ni tumbo au ni jino, hajipigizi tena ukutani. Huyo ndiye mnayesema hajajifunza kusema.

Na hivyo vidole, muulize mama kwa heshima: wewe mwanawe unapomsalimia, si unachutama na kupiga makofi, kama ilivyo desturi yetu? Amewahi kukuambia unacheza? Mtoto aliliona hilo kabla hatujaliona sisi. Hapa kila mtu hupewa jina la mikono, na lako amelitunga yeye: makofi mawili ya polepole, kichwa kimeinama. Bweni zima wanakujua kwa jina hilo.

Kwa hiyo simrudishi. Ukitaka kununa, nuna. Ila kuna jambo linaninyima usingizi: bado haniamini. Kila jioni anauliza upya. Nimemwonyesha picha yako kwenye simu, akanijibu kwamba hata ya babu ipo. Mimi sina alama nyingine ya kumwambia. Mahindi mwachie mdogo wako, upande basi uje mwenyewe.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie sina ugomvi naye. Wifi yangu wa Milanzi msalimie, na jirani anayenitunzia kuku mwambie nashukuru. Shemeji asisahau kuanua ulezi mvua ikitishia.

Ukifika getini usimwite, hatasikia. Simama pale anapoweza kukuona, uchutame, upige makofi yako mawili.

Ni mimi mkeo ninayekusubiri,
Mama Leokadia