Mchezo wa Mikono kule Rebero

Dada Adventina mpendwa,

Bwana asifiwe. Huku Kigali tu wazima, mvua zimeanza.

Jumamosi Shallon alitualika Rebero kusherehekea nyumba yao mpya. Tukacheza: mke anafungwa kitambaa machoni, anamtafuta mumewe kwa kupapasa mikono. Nilicheka sana, dada. Shallon aliupita mkono wa mumewe, Léonce, akashika wa Conrad wangu, wenye kidole kilichokatwa na msumeno. Akaupapasa taratibu.

“Wangu huyu.”

“Shemeji, umeshahama nyumba?” watu wakamtania. Léonce hakucheka.

Leo asubuhi amekuja kumchukua Conrad wakaangalie shamba Bugesera, wawili tu. Nilimsihi Conrad asiende.

“Nikikataa, nitakuwa nimekiri,” akaninong’oneza.

Giza limeingia, chakula chake bado nimekifunika. Tuombee.

Mdogo wako,
Winifred