Ala Isiyoonekana Chini ya Shati

Tensta, 6 Novemba 2011

Kaka Kambale,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Yule mgeni aliyempiga Baba risasi nje ya kanisa kule Butembo, mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake ibadani. Alipoinama kusali shati lilipanda, nikaona bastola kiunoni, imelala kwenye ala ya ngozi. Nilikuwa na miaka saba. Niliona haya kusema mbele ya wakubwa.

Sasa wewe, binamu yangu, unanitumia picha za bastola kutoka Texas! Eti nikuchagulie: ndogo inayojificha ila inaruka mkononi ikifyatuliwa, au kubwa inayotulia? Ala ipi haitaonekana chini ya shati la kwaya? Nilipomwonyesha Mama, alifoka: "Kiunoni bastola, mdomoni haleluya! Mungu wake yuko likizo?"

Unasema sheria ya huko inaruhusu. Sawa. Na mtoto atakayekaa nyuma yako Jumapili, umemuuliza? Mimi sikuchagulii chochote.

Nasikia hatua za Mama zinakuja mlangoni. Kila mara huwa naficha barua ninazokuandikia chini ya kitabu cha Kiswidi. Leo hii naiacha wazi mezani, aisome kabla yako.

Mdogo wako,
Maombi