Daktari Ameniuliza Karibu au Mbali

Baba Nasra wangu,

Naogopa. Nimeanza na hilo kabla ya kukusalimia, maana nikianza na salamu nitajikuta nakuhadithia habari za majirani na joto la mwaka huu, na unanijua, nikishika njia ya pembeni sirudi. Jumatatu asubuhi nitafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Ni mtoto wa jicho. Kila anayesikia ananiambia ni kitu kidogo, mama yake alifanyiwa, shangazi yake alifanyiwa, na mchana wake walikuwa nyumbani wanakula wali. Lakini hao wote walikuwa na macho mawili. Hili langu la kushoto unalijua tangu tulipooana. Ulikuwa ukiliita mgeni: lipo nyumbani, linahudumiwa, kazi halifanyi. Linaona mwanga na kivuli, basi. Kwa hiyo Jumatatu mtu atatia chuma ndani ya jicho pekee nililonalo, na mkono wake ukiteleza nitakuwa kipofu. Neno hilo sijalitamka mbele ya Nasra. Nimeliandika hapa kwa sababu wewe huwezi tena kushtuka.

Mwaka wa tatu huu tangu tukuzike, na bado sijampata wa kumwambia maneno ya namna hii. Binti yetu akiniuliza, "Mama, u mzima?" namjibu alhamdulillahi. Na yeye nikimuuliza ananijibu alhamdulillahi. Tunaendelea kunywa chai.

Kinachonizidishia hofu ni kwamba kazi yenyewe naijua. Mtu mwingine akiambiwa lenzi ya zamani itatolewa itiwe mpya, anaitikia tu kwa kichwa. Mimi na wewe tumefanya hayo miaka juu ya meza ya jikoni. Kuing'oa lenzi kwenye mashine moja na kuitia kwenye nyingine ndiyo iliyokuwa starehe yetu, wenzetu wakienda madukani kutembea.

Unaikumbuka ile ya kwanza. Hospitali ilikuwa imeleta mitambo mipya, na mashine za zamani za eksirei zikafunguliwa na kutupwa nyuma ya stoo. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Umri wangu wote wa kazi nimewapiga watu picha za mbavu, na sikujua kama ndani ya mashine ile mna lenzi kubwa namna ile. Mtu wa stoo akaniambia nikiitaka niichukue, wao wanangoja gari la taka. Nikaja nayo mkobani nimeifunga kwa kanga, nzito kama jiwe la kusagia. Ukaitazama, ukaigeuza.

"Hii haina pa kushika," ukasema. "Haina pete, haina kifungo. Utaifanya nini?"

"Nataka niitie kwenye kamera."

"Umpige picha nani?"

"Sijui. Nataka nione yenyewe inaona nini."

Wewe ulikuwa mkereza vyuma kwa mashine kule viwandani Rusayl, na mtu wa kazi hiyo huwezi kumwambia kwamba kitu hakishikani na kitu akakuelewa. Ulipima mdomo wa kamera yangu, ukapima mkia wa lenzi, ukaondoka na vipimo vyako kwenye karatasi ya mkate. Msimamizi wako akakuruhusu kutumia mashine wakati wa chakula cha mchana, na kipande cha alumini kilichokwisha kutupwa. Ulirudi na pete inayong'aa, upande mmoja unashika kamera, upande mwingine unashika lenzi. Iliingia taratibu, bila kulazimishwa. Nilifurahi kupita kiasi. Kisha nikatazama, na kote kulikuwa ukungu. Dirisha ukungu, wewe ukungu, nyumba nzima kama imemwagiwa unga.

Ukasema pete ni ndefu, ukairudisha kiwandani kuipunguza. Ukungu. Ukaipunguza tena. Ukungu. Siku ya tatu umechoka, umekaa mezani unakula tende na kahawa, hutaki hata kuitazama. Nikainama kuiweka kamera kando ya sahani, na kwenye kioo cha nyuma yake ikatokea tende moja, kila mkunjo wa ngozi yake, na kijisukari kwenye mikunjo. Nikapiga kelele mpaka ukamwaga kahawa.

"Rudi nyuma," ukaniambia. Nikarudi, ukungu. "Sogea." Nikasogea, tende. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Kumbe hii haioni mbali, Mama Nasra! Ilifungwa ndani ya mashine, inatazama kitu kimoja, umbali mmoja, maisha yake yote. Sisi tunailaumu bure."

Tangu siku ile tukahamia kwenye dunia ya shubiri moja. Kwa kuwa lenzi haikuwa na pete ya kuzungusha, cha kurekebisha kilikuwa mwili wangu. Nikivuta pumzi, kitu kinapotea. Nikishusha, kinarudi. Ndipo ulipoanza kusimama nyuma yangu ukanishika kiuno kwa mikono miwili, na nikisema "hapo" ulikuwa ukuta, hutikisiki. Ijumaa asubuhi tulikwenda Sidab kwa wavuvi, nikapiga magamba ya nguru, rangi iliyobanduka kwenye maboti, chumvi iliyokauka kwenye kamba. Yule muuza samaki akakuuliza kwa Kiarabu, huyu bibi anapiga picha au anawanusa samaki wangu? Nawe bila hata kutabasamu ukamjibu, "Ananusa kwanza. Akiridhika ndiyo anapiga." Nilicheka, picha zote za siku ile zikaharibika.

Jumatatu nitalazwa chali, na daktari amenionya nisitikisike. Sijui nitatulia vipi na hakuna aliyenishika.

Na ile lenzi nyingine nimeikumbuka wiki hii kuliko siku zote. Ile ya kiwanda cha uchapaji kilichokuwa kinafungwa, iliyokuwa ikipiga picha za kurasa kabla ya kompyuta. Tulikwenda kuichukua mwezi wa nane. Mimi ndiye niliyesema tupite Azaiba tununue mkate, tukaiacha kwenye kiti cha gari, juani. Tulipofika nyumbani ukaniambia, "Iache barazani ipoe kwanza." Sikukusikiliza. Nilikuwa na hamu, nikaingia nayo moja kwa moja chumbani, kiyoyozi kinafanya kazi tangu alfajiri, nikaiweka mezani mbele ya upepo wake. Haikupita muda, tukasikia mlio mdogo, kama mtu amekata ukucha. Pale ndani vioo viwili vilipokuwa vimegandishwa pamoja, pakaanza kutambaa doa la rangi rangi, kama mafuta ya taa juu ya maji, likaenea mpaka katikati. Lenzi ile ilikuwa imeishi miaka mingi kuliko ndoa yetu, na mimi niliiua kwa dakika tano. Hukunigombeza. Ulisema, "Basi, yameshakuwa," ukaipandisha rafuni, na hukuitaja tena. Ningefurahi ungenigombeza.

Sasa fikiria nilivyokuwa pale kwenye kiti cha daktari. Ni kijana, mpole, mwenye vidole virefu. Akanichorea kwenye karatasi: atatoboa kitundu kidogo, ataivunja lenzi ya zamani vipande vipande humo humo ndani, atavifyonza, kisha ataingiza mpya ikiwa imekunjwa, nayo itajikunjua yenyewe. Kila neno nililiona kwa macho ya meza ya jikoni. Nikamuuliza chumba cha upasuaji kina baridi kiasi gani. Nikamuuliza lenzi hiyo mpya inatoka kwenye friji au inatoka wapi. Nikamuuliza anakunywa vikombe vingapi vya kahawa kabla ya kazi.

"Kimoja tu, mama," akasema, akacheka. Nasra akanifinya mkono. Mimi nilikuwa natazama vidole.

Halafu akaniuliza yeye. Lenzi nitakayotiwa, akasema, ina umbali wake mmoja. Je, nataka nione vizuri karibu au mbali? Kwingine nitavaa miwani. Nifikirie, nimjibu siku ya upasuaji kabla hajaanza.

Baba Nasra, nilitamani uwepo ucheke. Wanataka kunitia lenzi kama ile yetu ya eksirei.

Nasra akanijibia papo hapo. "Mbali, daktari." Nikasema nitafikiri. Tulipoingia garini hata mkanda hajafunga:

"Mama, la kufikiri lipi? Unakaa peke yako. Gari ikija usiione?"

"Nna miwani."

"Miwani unaisahau ndani ya friji."

"Mara moja tu."

"Mara mbili, wallahi. Ya pili n'likuwepo mimi. Ilikuwa juu ya maziwa lala. Khalas, mama, ni mbali."

Njia nzima nilifuta miwani kwa ncha ya kanga, na yeye akadhani nimenuna. Sikuweza kumwambia kwamba ninataka karibu. Karibu ndiko iliko meza yetu. Karibu ndiko uliko wewe, maana uso wako ulikataa kata kata kupigwa picha, ukanipa vipande: ukucha wenye weusi wa chuma, sikio, kope moja nyeupe iliyoota kabla ya wenziwe. Picha hizo nazitazama bila miwani, shubiri moja, kila siku baada ya alfajiri.

Lipo na jingine, na hili nakwambia wewe tu. Tangu jicho hili lianze kuingia ukungu, karibu bado linaona. Mbali ndiko kulikopotea. Na mbali kukiwa na ukungu, kila mwanamume mrefu aliyevaa kanzu nyeupe ni wewe. Mwezi uliopita nilikuwa nje ya duka la mikate pale Azaiba, mtu akashuka garini, akaja upande wangu na mwendo ule ule wa bega moja chini. Nikasimama. Alipobakisha hatua chache akageuka kuwa baba wa watu, akanisalimia, nikamjibu, akaingia dukani. Najua si wewe. Nilikuwepo ulipooshwa. Lakini zile hatua kumi, Baba Nasra, kabla hajafika. Wakinisafishia mbali, hatua hizo zitakwisha. Hofu yangu ya pili ilikuwa hiyo, na siku nyingine ilikuwa ya kwanza.

Kwa hiyo nilishakata shauri: karibu. Nilikuwa nimeandaa mpaka jibu la kumpa Nasra akikasirika.

Jana baada ya asri alikuja kunitia dawa ya matone ambayo lazima itangulie upasuaji. Akanikalisha kwenye kochi, akanilaza kichwa nyuma, akainama juu yangu. Uso wake ukaja mpaka shubiri moja. Toka nilipokuwa namnyonyesha sikuwahi kumtazama kutoka pale. Midomo ameiuma mpaka imechanika, pembeni pana damu iliyokauka. Chini ya macho pamevimba, na poda imepakwa juu yake kwa haraka. Na wakati wote huo sauti yake ilikuwa ile ya kuamrisha unayoijua.

"Tazama juu. Usipepese. Mama, nshakwambia usipepese!"

Tone likaanguka. Akarudi nyuma hatua mbili kufunga chupa, akaingia kwenye ukungu, na kutoka huko ukunguni ikaja sauti ya mtu asiyeogopa kitu. "Umeona? Hata hakuumi. Na Jumatatu itakuwa hivyo hivyo."

Nikasema alhamdulillahi.

Alipokwenda jikoni kuchemsha chai nilibaki na kichwa nyuma, dawa inanitiririka shavuni. Wiki zote hizi nilijiona ninaogopa peke yangu. Nilimchukia kidogo, nikubali, kwa ule ushujaa wake. Kumbe ni mara ngapi amesimama kwenye ule mlango na uso ule, mimi naona kanga tu na urefu wake, na mpaka anifikie pale ninapoweza kuona, ameshajifuta, ameshatabasamu, ameshaniuliza kama nimekula? Alijifunza wapi? Kwangu. Siku zako za mwisho mimi nilikuwa nikisimama koridoni vivyo hivyo kabla ya kuingia kwako, naupanga uso. Sijui kama uliwahi kuniona. Nasra alikuwa nyuma yangu.

Leo nimemwambia. Nimemkuta anapanga nguo zangu za hospitali, nikamwambia, "Nasra, mimi naogopa." Akaendelea kukunja. Kisha akakaa kitandani, juu ya zile nguo, akasema, "Na mimi, mama," tukakaa. Sikumwona uso, alikuwa upande wa dirisha. Nilisikia tu anavuta kamasi.

Hofu haijapungua, usidhani. Hata herufi hizi nimeziandika kubwa kama za mtoto wa shule. Sina hakika ya kuona Jumanne. Nakuombea kila nikiinuka kwenye mswala, Mola akupanulie ulipolala akutilie na nuru, na ukiwa una ruhusa ya kuniombea, niombee vidole vya yule kijana.

Na unisamehe. Wakiniuliza nitasema mbali. Wale wanaume wa Azaiba watakuwa wenyewe tangu wanaposhuka garini. Lakini Jumanne watakaponifungua bandeji, nikijaaliwa, nataka nimwone mtoto wetu akiwa bado mlangoni, kabla hajaupanga uso wake.

Mkeo,
Mama Nasra