Gari la Baba Halinywi Mafuta

Nyumbani kwa wazee,
Jumapili, 8 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele kwako, kwa wifi yangu na kwa kitoto chetu. Baridi ya huko mnaionaje? Kikohozi cha mtoto kimeisha? Sisi wazima, ila roho yangu haijatulia. Naandika kwa sababu simu za nyumba hii zina masikio mengi.

Baba ameshakwambia kwamba mwezi ujao atakuja mwenyewe kuwapokea uwanja wa ndege. Bila shaka amekusimulia na habari za mafuta, maana siku hizi haongei kingine. Ameshusha keria ya juu, anajaza matairi upepo kila Jumamosi, hakanyagi mafuta kwa pupa, hashiki breki ovyo. Safari iliyokuwa ikimaliza tangi, sasa anaenda na kurudi na mshale bado uko juu. Hata fundi wake anamsifu.

Mimi machale yananicheza. Huyu ni baba aliyeendesha mabasi mpaka abiria wakamwita Radi! Tangu lini radi ikatambaa? Mtu anayemwaga kikombe kizima cha chai kwa sababu imepoa, leo aone uchungu wa tone la petroli? Hapa pana namna.

Wiki iliyopita baba na mama walikuwa wanakwenda kwa shangazi, nikaomba niende nao. Nikakaa nyuma, macho kodo. Kufika barabara kuu tu, baba akatafuta lori, akajibandika nyuma yake kama kupe. Nilipouliza akajibu, "Linatukatia upepo, mwanangu. Injini haipati tabu."

Sawa, nikameza. Lakini mama, ambaye zamani gari likiwaka tu anakoroma, safari hii hakufumba jicho wala mdomo. "Tuta hilo, mzee. Mbuzi wale wanavuka. Huyo anakuja na taa moja." Njia nzima anatangaza kama yuko uwanja wa mpira.

Sasa sikia. Lori likakata kushoto, nasi tukakata. Likaingia getini, nasi tukaingia. Likasimama, nasi tukasimama, katikati ya yadi ya ghala la saruji, wapakuzi wakitushangaa! Baba akazima gari. "Tuipumzishe injini," akasema. Mama akacheka, kicheko kirefu mno. Mkono wake ulikuwa umemshika baba gotini, haumwachii.

Mdogo wangu, nadhani baba haoni vizuri, na mama anajua. Huo ubahili wa mafuta ni shuka la kufunikia. Nilipomgusia baba habari ya daktari wa macho, akanipandishia sauti: kwani amegonga nini? Naogopa. Safari ya kuwaleta, atakayekaa kiti cha nyuma ni mwanao.

Mimi usukani sijui, unajua. Kwenda uwanja wa ndege nitakaa mbele mwenyewe, nimpumzishe mama ile kazi. Kurudi ni juu yako. Wewe kitinda mimba hakunyimi kitu. Mwombe ufunguo, mwambie una hamu ya kuonja gari lisilokunywa mafuta. Umkalishe pembeni akuelekeze. Njia anaijua kwa kichwa, kona kwa kona. Usimuulize anaona nini. Msifie tu mafuta.

Nisalimie wifi, mbusu mtoto, na binamu yetu muuguzi aliye huko kwenu mwambie namkumbuka. Mungu awafungulie njia nyeupe mpaka mlangoni kwetu.

Ni mimi dada yako, akupendaye na asiyepata usingizi.