Spika ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Chai, mandazi mawili ya jana, kisha santuri. Hiyo ndiyo ratiba yangu tangu nistaafu kuchora ramani na sioni sababu ya kuibadilisha. Leo nimeanza na benga, ile ya magitaa matatu. Nimeifuta vumbi kwanza. Vumbi la Machi halina adabu, linaingia hata ndani ya jalada. Besi amelala juu ya amplifaya kwa sababu pana joto. Paka huyu hajui muziki hata kidogo, ila anajua pa kulala.

Saa nne Mwalimu Kaloki amepita kwenye pengo la ua, Soprano nyuma yake. Jirani yangu huyu ameongoza kwaya ya parokia miaka mingi hadi mbwa wake amempa jina la sauti. Amesimama mlangoni, akauliza kama hayo magitaa yanacheza au yanagombana. Nimemwambia kwaya yake ni watu thelathini wanaoomba msamaha kwa wakati mmoja. Amecheka hadi akakohoa. Wiki imeanza vizuri.

Jambo moja tu. Spika ya kushoto imekuwa hafifu. Gitaa la pili linasikika kama liko jikoni.

Jumanne, 4 Machi

Masanduku ya spika zangu alitengeneza marehemu mjomba, mchongaji wa Wamunyu. Mbao nzito. Leo nimeyahamisha peke yangu. Ya kulia nimeisukuma kushoto, ya kushoto nikaisukuma kulia. Mgongo umenikumbusha umri.

Matokeo: ile nzima imekuwa mgonjwa, ile mgonjwa imepona. Basi si spika. Nimeweka waya mpya. Hakuna tofauti. Basi ni amplifaya.

Kiti changu kiko palepale nilipokipimia na futi ya kamba, umbali sawa kutoka kila spika. Huwezi kulaumu kiti. Nimekilaumu hata hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Mtoto wa Kaloki amemletea spika mpya kutoka Syokimau. Mviringo, haina waya hata mmoja, ina taa zinazowakawaka. Kaloki ameibeba hadi kwangu mikononi kama mtoto mchanga anayepelekwa kubatizwa.

"Hii ndiyo maendeleo, Mama Mwikali. Hiyo yako ni kabati."

"Hiyo yako ni taa ya baa, Mwalimu."

Tumebishana hadi chai ikapoa. Mwisho tumekubaliana mashindano. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano, sebuleni kwangu. Hakimu ni Katumbi anayeuza mboga za sukuma nje ya lango letu, kwa sababu hampendelei mtu na hamwogopi mtu. Tutamfunga macho kwa leso. Wimbo mmoja wa kwaya, wimbo mmoja wa benga, kila mmoja upigwe kwenye mashine zote mbili. Atakayeshindwa atapiga muziki wa mwenzake saa ya chai, wiki nzima.

Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Kisha nikakumbuka upande wa kushoto.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa fundi. Baba Mwikali hayuko kiwandani leo, kwa hivyo ndiye amenibebea amplifaya ikiwa imefungwa blanketi. Muli ana kibanda nyuma ya soko na nimemwamini miaka mingi. Amefungua, akapuliza vumbi, akatoa nywele za paka kiganja kizima. Akapima kila kitu.

"Mama, pande zote ni sawa. Hii mashine iko na afya kunishinda."

Ameiwasha. Nimemwambia asikilize, kushoto sauti iko chini. Ameniangalia, halafu akamwangalia mume wangu. Mume wangu amesema yeye anasikia sawa.

Nimewaambia wote wawili hawana masikio. Nimesema kwa sauti kubwa, mbele ya wateja. Sikupenda nilivyosema.

Jumapili, 9 Machi

Misa. Kwaya hukaa upande wa kushoto na mimi hukaa benchi la nne. Kaloki alikuwa akiongoza kwa mikono yote miwili kama kawaida yake, lakini wimbo ulinifikia kama unatoka parokia nyingine. Nimegeuza uso kama mtu anayetazama dirisha. Wimbo umejaa. Nimerudisha uso. Umepungua. Nimefanya hivyo mara tatu hadi mama aliyekaa nyuma yangu akasafisha koo.

Si spika. Si waya. Si amplifaya.

Ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Sijawasha chochote.

Mama yangu alianza hivihivi. Sikio moja, kisha la pili. Mwishowe alikuwa akiweka kiganja juu ya redio ili ajue kama inaongea. Tukimwita kutoka mlangoni hageuki. Tuliona ni jambo la kuchekesha, tulikuwa vijana wajinga.

Niko na miaka sitini na moja. Naogopa.

Kaloki amekuja saa nne. Nimemwambia kichwa kinaniuma. Ameondoka bila mzaha hata mmoja na hilo limeniumiza zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Nimegunduliwa.

Nilikuwa nimekaa barazani nikichambua ndengu. Kaloki alivuta kigoda akakaa kushoto kwangu, Soprano akalala miguuni petu. Mimi nikaendelea kuchambua. Baada ya muda nikamwona amehama, amechuchumaa mbele yangu, uso wake hauna utani.

"Mama Mwikali, nimesema benga ni mbuzi waliofungiwa ndani ya mabati. Umenyamaza. Nimesema rumba ilibuniwa na mtu anayeumwa na jino. Umenyamaza. Nimesema Besi anaimba kuliko wapiga gitaa wako wote. Hujanirushia hata ndengu moja. Wewe ni mgonjwa."

Nimelia. Halafu nimecheka nikiwa bado nalia, kwa sababu ya ile ya jino. Nimemweleza yote, hata kiganja cha mama juu ya redio. Hakunikatiza.

Alipozungumza alisema mashindano yameahirishwa. "Siwezi kushindana na mtu wa sikio moja. Parokia nzima itanicheka." Kesho ananipeleka hospitali. Sikuulizwa.

Jioni nimemwambia Baba Mwikali. Ameweka kikombe chini, akauliza jambo moja tu: siku ngapi nimekuwa nikibeba hii peke yangu. Nimesema tatu. Amesema ni nyingi.

Alhamisi, 13 Machi

Foleni ndefu. Kaloki alijua nusu ya watu waliokuwa pale, wengine amewafundisha.

Daktari wa masikio ni msichana mdogo, mpole, mikono baridi. Amechungulia kwa kitochi chake muda mrefu. Nta imejaa, imekuwa ngumu kama jiwe. "Nyuma yake sioni kitu," amesema. Maneno hayo nimetoka nayo hadi nyumbani.

Nimemuuliza kama huko nyuma kuna ugonjwa wa mama yangu.

"Mama, siwezi kukudanganya. Wacha tuitoe kwanza, ndio tuangalie."

Matone mara tatu kwa siku, nirudi Jumatatu. Ameniuliza ninasafisha masikio na nini. Nimekiri: vijiti vya pamba, na pini ya nywele pale vijiti vinapoisha. Kaloki aliyekuwa mlangoni amefumba macho kama aliyesikia dhambi ya mauti.

Jumamosi, 15 Machi

Matone yameziba hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Kushoto hakuna kitu. Ukuta. Daktari alinionya kwamba nta itavimba kabla ya kulainika. Kujua hakusaidii.

Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Katumbi amepita na sukuma, akauliza leso iko wapi. Nimemwambia bado.

Nimekaa sakafuni na santuri zangu. Nimewaza nitampa nani nikishindwa kabisa kusikia. Mwikali anasikiliza kila kitu kwenye simu. Baba Mwikali atazipanga vizuri na hatazigusa tena. Nimeandika majina kwenye karatasi, nikayafuta, nikaandika tena. Kazi ya kipumbavu, lakini imenishika asubuhi nzima.

Kaloki amekuja. Amezunguka kiti changu na kukaa kulia. Hakutaja muziki wala hospitali. Tumeongea saa nzima kuhusu viroboto wa Soprano: wametoka wapi, dawa gani inafaa, kama mbwa anaweza kupakwa majivu bila kuvunjika moyo. Sijawahi kufurahia viroboto namna hii.

Alipoondoka nimeandika jina lake kwenye karatasi, juu ya mengine yote. Hatajua.

Jumatatu, 17 Machi

Niandike polepole nisisahau.

Bakuli chini ya sikio. Maji ya vuguvugu kwa bomba kubwa la sindano. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili kizunguzungu. Mara ya tatu mlio kama mfereji unaozibuka, na kitu cheusi, ukubwa wa haragwe, kimeanguka bakulini.

Kisha kila kitu kwa pamoja. Viatu vya mtu koridoni. Karatasi mezani. Feni. Mtoto akilia chumba cha tatu, na mama yake akimbembeleza kwa Kikamba, na nimesikia kila neno. Nimeshika meza. Sikujua kumbe dunia ina kelele tamu hivi.

Daktari amechungulia tena. Mimi sikupumua. Ngoma ya sikio ni safi. Amenipeleka chumba kingine, akanivisha spika za masikioni, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio. Amesoma karatasi, akatabasamu. Masikio yote mawili yako sawa kwa umri wangu. Nirudi kupimwa kila mwaka kwa sababu ya mama, na pini ya nywele ikae kwenye nywele.

Nje Kaloki alikuwa bado ameketi kwenye foleni, mikono katikati ya magoti. Nimemwonyesha dole gumba. Ameinuka, akazunguka hadi kushoto kwangu, akanong'ona:

"Benga ni kelele."

Nimempiga na mkoba. Foleni yote imecheka, hata mzee mwenye bendeji kichwani.

Nyumbani nimeweka santuri kabla sijavua viatu. Gitaa la pili limetoka jikoni, likaja likaketi karibu na wenzake. Nimecheza. Peke yangu, na mkoba bado begani. Besi ameshuka kutoka kwenye amplifaya akaenda zake chumbani.

Jumanne, 18 Machi

Nimeenda kwa Muli kumwomba msamaha. Nimemkuta na wateja, nikaona ni sawa, nilimkosea mbele ya wateja. Nimesema mashine ilikuwa nzima, mgonjwa alikuwa mwenye mashine. Amecheka sana. Amesema si mimi wa kwanza, ila mimi ndiye wa kwanza kurudi.

Jumamosi, 22 Machi

Mashindano!

Baba Mwikali amepanga viti. Kaloki amevaa tai. Spika yake ameiweka juu ya stuli na kuipangusa kwa kitambaa cha miwani. Katumbi ameingia na kikapu chake, akakaa kwenye kiti changu kile cha vipimo, akafungwa leso, akasema tuanze kwa sababu sukuma inanyauka.

Benga kwanza. Kwenye ile ya Kaloki Katumbi ametikisa mguu mmoja. Kwenye yangu ametikisa miguu yote miwili. Nimeanza kujisikia vizuri.

Kisha kwaya, wimbo waliorekodi wenyewe Pasaka iliyopita. Kwenye spika ya Kaloki ulikuwa mzuri, nakiri. Halafu tumechomeka simu yake kwenye amplifaya yangu. Nilikuwa nimesimama pembeni, tayari kwa mzaha. Sauti za chini zimetoka kwenye masanduku ya mjomba na kutambaa sakafuni, sauti za juu zimepanda ukutani. Nimesikia akina mama wa safu ya mbele wakivuta pumzi kabla ya beti. Soprano amekaa chini, akainua pua, akabweka kwa sauti ndefu iliyokaribia kabisa kuwa ya wimbo.

Hakuna aliyecheka. Katumbi alikuwa amelowesha leso.

"Hii," amesema. "Hii ya mwisho. Ingine yote ni sawa tu, lakini hii."

"Mashine ni yangu!" nimesema.

"Wimbo ni wangu!" amesema Kaloki.

Tumeanza kubishana palepale nani ameshinda. Yeye anasema hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu ya kabati. Mimi nasema kwenye spika yake huo wimbo ulipigwa na hakuna aliyelia. Katumbi amejifungua leso, akatutazama kama watoto, akasema sisi wote tumeshinda na sisi wote tumeshindwa, na anataka wimbo ule usikwe tena. Hivyo hivyo, usikwe, badala ya usikike. Hakuna aliyemsahihisha. Umepigwa mara nne.

Hukumu: wiki moja kwaya kwenye mashine yangu, wiki moja benga kwenye yake. Kaloki amesema atakufa. Nimemwambia kwaya yake itamwombea.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imenyesha alfajiri, ikaacha. Hatuendi misa ya kwanza.

Baba Mwikali yuko nje anasafisha vizimba vya sungura. Nimekaa dirishani na kikombe. Anaimba kwa kufumba midomo. Si benga, si kwaya. Wimbo usio na mwanzo, anaupandisha, anaupoteza, anauokota mahali pengine. Hajui namsikia. Miaka thelathini na minne ndani ya nyumba moja na sikumbuki kama nimewahi kumsikia akifanya hivi.

Sijawasha mashine. Nimesogeza kiti karibu na dirisha. Nimekaa hadi sungura wa mwisho akapata majani yake.