Bomba Lililofungwa kwa Waya

Jumatatu, 6 Januari

Moshi tena! Kapteni Haverkamp kawasha gari la zimamoto milango ikiwa imefungwa — eti Ohio kuna baridi. Bomba la kunyonya moshi linaning'inia kwenye reli ya dari, hakuna anayelivalisha kwenye ekzosi. Nikalivalisha mimi. Kapteni kaja, kalipiga teke, likachomoka.

"Bibie Brandt, nyumba za watu ziungue kwa ajili ya pua yako?"

Wenzangu wakacheka. Na moshi huohuo unapanda kwenye tundu la nguzo tunayotelezea kushuka kengele ikilia, hadi vitandani kwetu ghorofani. Mto wangu unanuka dizeli. Wapumbavu sisi.

Jumatano, 8 Januari

Szabo, mwenzetu wa zamu, karudi kutoka kwa daktari. Saratani ya kibofu. Hajawahi kuvuta sigara maishani! Wamempa kazi nyepesi.

Jikoni akamwambia kapteni walivalishe bomba, basi, hata kwa ajili ya hawa vijana. Kapteni akasema baba yake alivuta moshi huu maisha yake yote ya kazi.

"Na pensheni yake aliila?" Szabo akauliza.

Kapteni akamrushia kikombe. Kikampasua nyusi. Damu kwenye mayai, kwenye mkate, kila mahali. Nilimfunga kitambaa.

Ijumaa, 10 Januari

Mkono unauma, naandika hivyohivyo.

Mkuu wa kikosi alikuja kukagua. Ghafla kapteni analipenda bomba! Lakini kwa yale mateke mdomo umelegea, linadondoka kila mara. Kumbe kalikaza na waya. Bomba ambalo kazi yake ni kujiachia lenyewe gari likifika mlangoni!

Kengele ikalia. Moto wa kweli. Mimi dereva. Szabo katoka kusimamisha magari barabarani, kama kawaida. Nikakanyaga mafuta — gari likavutwa nyuma, halafu dari ikalia kraa! Reli nzima ikashuka, gari likaiburuta hadi nje. Ikampiga Szabo begani, ikamlaza kwenye theluji. Mfupa ulitoka nje. Alikuwa anapiga kelele jina la mkewe.

Nashuka, nageuka, namwona kapteni amepiga magoti kwenye ekzosi, anafungua waya! Nilimkamata kola. Nilimpiga mdomoni, mara mbili, jino likanikata vidole. Akanitwanga na helmeti yake.

Mkuu akatutenganisha. Akauliza, nani kafunga waya?

"Brandt," kapteni akasema, anatema damu. "Si ndiye mpenzi wa bomba?"

Mkuu kaniamuru nikae chumbani hadi arudi kutoka hospitali kwa Szabo. Mlango nimeufunga.

Ruiz, mmoja wa wenzangu, anabisha. Anasema taratibu: "Brandt, fungua. Nilimwona akifunga ule waya. Mkuu akirudi nitamwambia."

Buti nyingine kwenye ngazi, nzito. Ruiz anasema, "Kapteni, subiri kwan—"

Mlango umetikisika hadi bawaba. Ruiz hasemi tena. Wanampigiza Ruiz kichwa mlangoni mara ya pili — na sauti ninazosikia huko nje si za mtu mmoja.