Masha Ngowa na Kichupa Nambari 417

Mwaka umetimia, Masha, tangu alasiri ile ulipojilaza nyumbani Ganjoni, feni ikizunguka polepole juu yako, ukasema, "Mama Ashley, niamshe saa kumi." Saa kumi ilipofika mkeo Everlyne alikuita mara moja, akakuita mara ya pili, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akakushika mguu. Ulikuwa na joto bado. Uso wako ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

Mwaka huu umempitia mkeo kama usingizi wa mchana. Kuna asubuhi anaponunua mbaazi na mahamri ya watu watatu, akafika mlangoni ndipo akakumbuka. Kuna wakati mvua ikinyesha huiona sura yako kwenye ukuta uliolowa, si ya huzuni, ni ile ya kuutazama ukuta kwa karibu mno, pua ikikaribia kugusa chokaa.

Wapo majirani ambao hata leo hawajui ulifanya kazi gani miaka ishirini na minane. Ulikuwa mtunza vijidudu. Ulikizunguka kisiwa hiki na begi lako la turubai ukiomba vitu ambavyo hakuna mwingine anayeviomba: tope la mtaro wa Majengo, povu la tembo la mnazi, ukungu wa nyumba iliyochoka Mji wa Kale, udongo uliomwagikiwa mafuta nje ya gereji. Maabarani ulivitafuta vilivyo hai ndani yake, ukavilea juu ya jeli ya mwani mpaka kila aina ikakaa peke yake, kisha ukavikausha ndani ya vichupa vya kioo au ukavitia kwenye friza ya baridi kali. Kila kichupa kilikuwa na nambari, na kila nambari ilikuwa na mstari wake daftarini: kimetoka wapi, lini, na nani aliyekupa. Watafiti walipohitaji bakteria wa kusafisha maji machafu, au hamira ya kuumulia unga wa muhogo, walikuandikia wewe.

Ashley alipokuwa mdogo ulimpeleka akavione. Alivitazama vichupa vile vyenye vumbi jeupe kidogo chini, akauliza, "Baba, hawa wamekufa?"

"Wamelala. Ukiwapa maji na chakula wataamka."

"Wanaota nini?"

Ulilifikiria swali lile njia nzima hadi nyumbani. Ulipokuwa ukivua viatu ukamwambia, "Nadhani wanaota matope."

Kanisani mhubiri alikusifu siku moja kwa namna ulivyoinua macho yako mbinguni wakati wa maombi. Everlyne alijikaza asicheke. Dari lilikuwa limeota ukungu wa rangi usiyoijua.

Tulipokaa kuandika haya, mdogo wako Kombe alisema, "Ile habari ya 417 tuiache. Mtu ametangulia, kwa nini tumwanike?" Everlyne akamjibu, "Nikiiacha hiyo, shemeji, nitakuwa nimemwandika mtu mwingine." Basi tunaisema.

417 ulimpata ukiwa kijana, ufuoni Tudor, kwa Mama Mejumaa. Yeye na wenzake walikuwa wakifukia makumbi ya nazi kwenye matope na kuyaacha miezi minane, tisa, mpaka yalainike, ndipo wayapige kwa mti watoe usumba wa kusokota kamba. Shimo lake lilikuwa likilainisha upesi kuliko ya wenzake wote, na wenzake walimshuku uchawi. Uliomba tope lake, akakupa. Ndani yake ukapata bakteria aliyeifanya kazi ile kwa wiki tatu.

Wengi walimwomba bakteria yule. Wa mwisho alikuwa Hanin, binti wa Mji wa Kale aliyekuwa akisomea uzamivu. Alitaka wanawake wa pwani waweze kulainisha makumbi ndani ya mapipa, pasipo kusimama matopeni hadi magotini. Alijaribu miaka miwili. Makumbi yake yalibaki magumu kama siku yalipochunwa. Mwishowe akakuandikia: "Mzee Masha, nadhani tatizo ni mimi. Naomba uniangalizie mara ya mwisho kabla sijaacha."

Ulimtia 417 chini ya darubini. Ulitarajia vijiti virefu vilivyoungana. Ukaona vitu vya mviringo, kama mtama. Ukafungua kichupa nambari 471, bakteria wa mashamba ya chumvi, ukaona mtama ule ule. Ukarudi nyuma daftarini, ukurasa kwa ukurasa. Miaka tisa kabla ya hapo, wiki uliyomzika mama yako, ulirudi kazini mapema mno, ukahuisha vichupa vilivyokuwa vinazeeka, ukasoma nne saba moja mahali pa nne moja saba. Tangu siku hiyo kila aliyeomba 417 ulimtumia mwingine. Na 417 wa kweli hakuwepo tena. Akiba yake ya mwisho ilikufa friza ya zamani ilipoharibika.

Everlyne alirudi kutoka shule anakofundisha, akakukuta umekaa sebuleni, viatu miguuni, begi mapajani.

"Baba Ashley, wamekuachisha kazi?"

"Laiti," ukasema. "Nimempotezea mtoto wa watu miaka miwili."

Morgan, aliyekuwa mkuu wako wa kazi, hakuwa mtu mbaya. Alikwambia kwa upole, "Mzee Masha, umebakisha miezi tisa ustaafu. Mwandikie binti kwamba bakteria amechoka. Huwa wanachoka. Hakuna atakayeuliza." Wala hatukufichi leo: kwa siku mbili Everlyne naye alitaka umsikilize Morgan. Alikuwa akiliogopea jina lako. Siku ya tatu alikukuta kwenye sinki ukinawa mikono, ukiisugua, ukiisugua, maji yakienda bure. Akafunga bomba.

"Vaa shati safi," akasema. "Twende kwao."

Mlikwenda kwa miguu, mkaingia Mji wa Kale jua likiwa limeshapinda, vichochoro vimepoa, na harufu ya udi ikitoka dirisha lisilojulikana ni la nani. Everlyne anasema ilikuwa kama kutembea ndani ya maji. Hakuzisikia hata nyayo zenu. Shariffa, mamake Hanin, aliwapokea juu ghorofani.

"Masalkheri. Ndooni mukae. Starehe, baba, usisimame."

Alileta kahawa na halua. Kabla hamjasema neno akaanza yeye: "Mwanangu amegura chuo, wiki ya pili hii. Chakula chenyewe ni kukionja tu. Labda nyinyi mutamweleza, mimi sijui maneno yake ya masomo."

Hanin akaja, akakaa karibu na mama yake. "Shikamoo, mzee."

Hukuitikia. Ulisema kwanza lile lililokuleta, lote, tarehe na nambari, bila kuweka mazishi ya mama yako mbele kama ngao. Everlyne ndiye aliyeyataja, nawe ukamkata: "Hilo halimhusu yeye."

Hanin alikutazama usoni. "Miaka miwili, mzee. Profesa wangu aliniambia mikono yangu ni michafu. Aliniambia mbele ya watu."

"Mikono yako ni safi, mwanangu. Ilifanya kila kitu sawasawa. Hii hapa barua ya kuonyesha chuoni, nimeandika hivyo hivyo, na nimetia sahihi."

Aliichukua barua, akaingia chumbani, mlango ukafungwa. Hakupiga kelele, hakusamehe. Mlibaki na Shariffa mkinywa kahawa iliyopoa, yeye akifuta machozi kwa ncha ya mtandio na kuwasukumia halua, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Mlipokuwa mkishuka ngazi ulimshika Everlyne mkono kama mtu aliyetoka kuumwa.

Uliwaandikia na wengine saba waliopokea 417 wa uongo. Wawili hawakukujibu. Mmoja alijibu maneno makali, ukaisoma barua yake mara moja na kuiweka kwenye faili. Katika daftari, mbele ya 417, uliandika kwa wino mwekundu: "Kosa ni langu." Kisha ukaanza kutafuta.

Jumamosi ya kwanza Everlyne alikusindikiza Tudor, maji yakiwa yamekupwa. Mama Mejumaa alikuwa hai, mzee sana, ameacha kazi ya makumbi zamani. Alikukagua.

"Ndiwe yule wa vichupa? Nilikupa tope langu, ukenda nalo ukalipoteza?"

"Nimelipoteza, mama."

"Hata aibu huna ya kudanganya." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akawaongoza hadi ufuoni, akaonyesha kwa bakora katikati ya mikoko, mahali ambapo Everlyne aliona matope na mifuko ya plastiki tu. "Hapo palikuwa pa mama yangu. Pale pangu. Chimba."

Ulichimba Jumamosi hiyo na nyingi zilizofuata. Ya nne, mlipokuwa mmeinama, kivuli kiliwaangukia. Hanin alikuwa amesimama juu yenu, buibui ameikunja ndani ya buti za mpira.

"Shikamoo," akasema. "Leo tunachimba wapi?"

"Marahaba, mwanangu," ukajibu, ukamwonyesha mahali. Hamkulizungumzia lile tena, wala hakukuwa na haja.

Sampuli ya kwanza haikufaa, wala ya ishirini, wala ya hamsini. Ukastaafu, wakakukatia keki, Jumatatu ukarudi kama mgeni na begi lako. Everlyne alikuwa akikuona ukirudi na matope kwenye nyusi, umechoka, ukitabasamu peke yako, na ule mwaka wa mwisho anaukumbuka hivyo: mwanga mweupe, maji yanayotoka, watu wawili wameinama mbali, hana hakika tena yupi ni wewe na yupi ni Hanin. Ulipofariki mlikuwa mmefika sampuli ya sitini na tatu. Hamkuwa mmepata kitu. Ulikwenda bila kujua, na hilo ndilo lililomuuma mkeo kuliko kifo chenyewe.

Sasa sikiliza.

Wiki kumi na moja baada ya mazishi, Hanin alikuja Ganjoni mbio mbio, hakukumbuka hata kubisha hodi. Ile ya hamsini na nane, Masha. Mliidhania imekufa. Ilikuwa inakua polepole tu, na yeye hakuitupa. Alimpeleka Everlyne maabarani, akamkalisha mbele ya darubini kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamrekebishia lenzi. Ukungu ukajikusanya, ukawa umbo. Vijiti virefu, vimeungana, vikipepea kidogo kama nyasi ndani ya maji. Morgan alikuwa amesimama mlangoni, akavua miwani, akatoka nje.

Lakini makumbi ndiyo yangesema. Walijaza pipa ufuoni Tudor, na siku ya ishirini na tatu wakalifungua. Mama Mejumaa alibebwa kwenye kiti. Akatwaa kumbi moja, akalinusa, akafumba macho, akalinusa tena.

"Ndilo shimo langu hili," akasema.

Everlyne akapewa mti. Hakuwahi kupiga makumbi tangu alipokuwa msichana kwao. Alipiga mara tatu, ganda likaachia, usumba ukamjaa mikononi, mrefu, laini, wa rangi ya dhahabu. Akapiga jingine, na jingine, wanawake wakampisha. Hanin alitaka kumpokea akakataa. Alipiga mpaka maji yakaanza kurudi na kumlowesha visigino, akilia, akicheka, akikuita kwa jina lako mbele za watu, "Masha, yamelainika! Masha, yamelainika!"

Unakumbukwa na mkeo Everlyne. Binti yako Ashley. Mdogo wako Kombe na ukoo mzima wa Ngowa. Hanin, ambaye sasa ni daktari wa elimu aliyoipigania, na mama yake Shariffa. Na Mama Mejumaa wa Tudor, aliyetuagiza tukwambie kwamba deni la tope limekwisha.

Siku zote tutakazojaliwa, Masha, tutakukumbuka.